Upande wa Rejeta

Kasongo, 3 Machi 2024

Mama Clovis,

Naandika nikiwa mezani, upande wangu. Upande wako nimeweka taa na redio ili usionekane mtupu.

Matanga ya marehemu dada yako Régina yalikwisha tangu Januari. Wote waliotoka Kasongo kwenda msibani huko Kabambare wamerudi. Nakutana nao sokoni, wananisalimu haraka, kisha wanauliza, “Na mama?” Nawajibu kwamba uliteleza kwenye chemchemi, ukateguka mguu, na kwamba unapona. Nimejibu swali hilo mara nyingi mno. Siku hizi nazunguka nyuma ya shule ili nisipite sokoni.

Mguu ulioteguka hupona. Niambie utapanda pikipiki siku gani. Niambie pia kwa nini simu yako imenyamaza. Kabla hujaanguka ulikuwa unanipigia kila Jumapili baada ya misa, nami nilikuwa nalalamika kwamba unasema sana. Sasa Jumapili nakaa na simu mkononi mpaka jua linazama, halafu naiweka.

Kuku wako wanataga jikoni. Jirani Dieudonnée huniletea mboga za lengalenga na kufunua masufuria yangu bila ruhusa. Nimejifunza kusonga bugali. Wa kwanza ulikuwa uji, wa pili ulikuwa tofali.

Ayoubu, yule mwenye pikipiki anayepeleka chumvi na sabuni huko, atakupa barua hii mkononi na atangoja jibu.

Mumeo,
Grégoire

*

Kabambare, 12 Machi 2024

Baba Clovis,

Nimeipokea barua. Nimecheka peke yangu juu ya bugali wa tofali hadi jirani yangu hapa, Asma, akaja kuangalia kama nimepatwa na kitu. Asma ni mwanamke mwema. Ananipikia siku ninapochoka, na ananigombeza kama mama mkwe.

Mguu unaendelea vizuri, ila bado sijaweza kupanua miguu juu ya pikipiki ya kawaida, tena kwa barabara hii. Lakini Mungu hakosi njia. Mwana wa dada yangu, Gédéon, amepata pikipiki ya magurudumu matatu, ile yenye sanduku la mizigo nyuma. Anasema ataweka benchi na paa, anirudishe Kasongo nimekaa kama askofu. Tatizo ni kwamba inachemka. Ikifika mlimani, maji yanaruka na moshi unatoka. Atakuandikia mwenyewe, maana mambo hayo mimi siyajui.

Kuhusu simu, usiwe na shaka. Hapa mtandao unapatikana juu ya kilima tu, nyuma ya parokia, na njia ya kilimani ni tope.

Usije. Nyumba ikibaki bila mtu, kuku hawatakuwa wetu tena. Mlinde yule jogoo mwekundu.

Mkeo,
Olga

*

Kabambare, 13 Machi 2024

Baba mdogo Grégoire,

Shikamoo. Mimi ni Gédéon. Mama mdogo ameniambia kwamba wewe uliendesha lori la parokia miaka yote ile bila kuua injini hata moja. Naomba msaada wako.

Pikipiki yangu inapozwa kwa maji. Walioitengeneza waliweka rejeta mbele, nyuma tu ya gurudumu la mbele. Kwenye barabara ya lami labda ni mahali pazuri, maana upepo unaingia moja kwa moja. Huku kwetu gurudumu linarusha tope na rejeta inalipokea lote. Nikitoka Kabambare asubuhi, kabla ya kufika mlima wa kuelekea Lusangi vijitundu vyake vimeziba kama ukuta uliopakwa udongo. Mshale wa joto unapanda, nasimama, nangoja, naongeza maji, naenda kidogo, unapanda tena. Nikiwa na mihogo nyuma, mihogo hainung’uniki. Nikiwa na mama mdogo, sitaki kusimama naye porini.

Niambie la kufanya.

Mwanao,
Gédéon

*

Kasongo, 20 Machi 2024

Mwanangu Gédéon,

Salamu zako nimezipokea. Nasikitika kwamba tunafahamiana vizuri kwa ajili ya rejeta wakati tulipaswa kufahamiana kwa ajili ya marehemu mama yako.

Sikiliza. Kwanza, usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Nilimwona mtu akiungua uso wote kwa haraka ya aina hiyo. Pili, usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemka. Chuma hupasuka kama chungu. Izime, kaa kivulini, ngoja. Tatu, ukiosha rejeta, pitisha maji kutoka nyuma kwenda mbele, taratibu, ili tope litoke pale lilipoingilia. Ukiosha kwa mbele unalisukuma ndani. Nne, kata mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, uutundike kati ya gurudumu na rejeta kama pazia. Acha nafasi pembeni ili upepo upite.

Ukifanya yote hayo na bado inachemka, basi mahali penyewe pa rejeta hapafai, nawe itabidi uihamishe. Niandikie kabla hujakata chuma.

Umenieleza habari za mshale kwa urefu. Habari za mama yako mdogo hukuandika hata sentensi moja. Je, anatembea? Anatembea kwa fimbo au bila fimbo? Nijibu hilo pia.

Baba yako mdogo,
Grégoire

*

Kabambare, 28 Aprili 2024

Baba mdogo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ilikata daraja la miti, na Ayoubu alikaa ng’ambo siku nyingi.

Pazia la mpira lilisaidia kidogo, si sana. Tope la huku linapata njia. Nimefanya jambo bila kukungoja, usikasirike. Nimeitoa rejeta mbele nikaiweka nyuma ya mgongo wangu, chini ya benchi la abiria, ndani ya sanduku la bati. Feni inavuta hewa kutoka ubavuni. Tope haliifikii kabisa. Nimepanda mlima wa Lusangi na mzigo mzima, mshale ukabaki katikati, umelala. Nilisimama kule juu nikapiga makofi peke yangu.

Tutaondoka Jumanne baada ya Pentekoste. Asma atakuwa pamoja nasi hadi Lusangi, anakwenda kwa wakwe zake. Wewe tayarisha nyumba.

Mama mdogo anakusalimu.

Gédéon

*

Kabambare, 25 Mei 2024

Baba Clovis,

Najua ulingoja. Tuliondoka Jumanne kama alivyokuandikia Gédéon, tukafika Lusangi, tukageuka.

Usimlaumu mtoto. Injini yake ni nzima, haikuchemka hata mara moja. Lakini joto lote linatoka chini ya benchi, mahali pa abiria. Joto lile lilinishinda. Mtu hawezi kukaa juu ya jiko kutoka Kabambare mpaka Kasongo. Nikamwambia anirudishe.

Labda tungoje kiangazi kipite. Labda Gédéon atapata akili nyingine. Usije, nakuomba. Nitakuandikia mimi.

Kitambaa changu cha meza, kile chenye maua, usikiache juani.

Olga

*

Kasongo, 2 Juni 2024

Olga,

Jumanne ile nilipaka nyumba chokaa. Nilimtuma mtu Nyangwe akaniletea samaki wakubwa, nikawapika mwenyewe kwa mawese. Dieudonnée alifagia uwanja. Watu wa kwaya walikuja, wakakaa mpaka giza, wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akisema barabara ni mbaya. Samaki niliwagawa asubuhi. Sikuweza kuwala.

Nimesoma barua yako mara kadhaa, na nimeona jambo moja. Kwanza ilikuwa mguu. Mguu ulipopona, ikawa tope. Tope liliposhindwa, ikawa injini. Injini ilipopona, ikawa joto. Kila tatizo likitatuliwa, lingine liko tayari. Nami kila mara naambiwa nisije.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Kama umepata nyumba huko, mahali pa dada yako, na watu wanaokuchekesha, niandikie hivyo kwa sentensi moja. Nitakutumia nguo zako na kitambaa cha maua. Sitakuuliza sababu. Lakini usinifanye nipake nyumba chokaa kila kiangazi.

Grégoire

*

Kabambare, 9 Juni 2024

Baba mdogo,

Mama mdogo ameisoma barua yako ya mwisho, kisha hakula. Amekataa kuniambia umeandika nini. Nadhani umenikasirikia mimi, na una haki. Naandika bila yeye kujua, maana kosa ni langu na sipendi alibebe yeye.

Ilikuwa hivi. Tuliondoka alfajiri. Mama mdogo alikaa upande wa kulia, mguu umelala juu ya sanduku la rejeta, Asma akakaa upande wa kushoto. Kabla ya mlima, Asma alianza kugongagonga paa. Aliniambia, “Gédéon, uko unatupika? Weka basi na chumvi.” Nikadhani ni utani. Baada ya kitambo akasema nisimame, akashuka, akasema kwamba yeye atapanda mlima kwa miguu yake, maana hajafa bado na hataki kuzoea joto la huko waendako waovu. Alitembea nyuma yetu mlima mzima.

Mama mdogo hakushuka. Alimcheka Asma. Alimwita mwanamke wa siagi. Aliendelea kunisimulia jinsi wewe ulivyomwendesha kwa lori la parokia mlipokuwa wachumba, jinsi ulivyomkataza kuweka miguu juu ya dashibodi. Hakulalamika hata mara moja.

Tukikaribia Lusangi nikasikia harufu ya nguo inayoungua. Nikadhani ni waya. Nikasimama, nikafungua. Kitenge chake kilikuwa kimeshikana na mguu wa kulia, hapa nyuma ya goti, na ngozi imetoka. Nilipiga kelele mimi. Yeye aliutazama mguu kama mtu anayetazama mguu wa jirani. Kisha akaniambia, “Usimwambie baba yako mdogo. Mwambie joto lilinishinda.”

Walimfunga kidonda kwenye kituo cha afya. Sasa kinakauka. Baba mdogo, sijawahi kuona mtu mwenye uvumilivu kama ule. Lakini uvumilivu wake haufuti kosa langu. Niliiangalia injini, nikasahau watu.

Gédéon

*

Kasongo, 16 Juni 2024

Mwanangu Gédéon,

Asante kwa kuniandikia ukweli. Mwambie mama yako mdogo kwamba umeniandikia. Mimi mwenyewe namwandikia hivyo leo. Usibebe siri za watu wazima, ni nzito kuliko mihogo.

Sasa fanya hivi. Itoe rejeta chini ya benchi. Usiirudishe mbele. Iweke nje, ubavuni upande wa kulia, juu kuliko mahali ambapo gurudumu la nyuma linaweza kurusha tope. Mbele yake weka bati lililotobolewa matundu madogo. Igeuze feni isukume hewa kwenda nje, isiielekeze kwa abiria. Kifuniko cha maji kiwe juu kuliko mipira yote ya kupitishia maji, la sivyo hewa itajificha ndani, na mshale utakuambia kwamba kila kitu ni salama wakati injini inaungua. Mshale unaweza kudanganya. Nimejifunza hilo tena juma hili.

Upande wa kushoto weka godoro na mahali pa kunyoosha mguu, na mkanda mpana wa kumzuia mtu asiteleze. Pasiwe na chuma chochote kitakachogusa miguu yake, hata cha baridi. Pima kwa mkono wako baada ya kupanda mlima, usipime ukiwa umesimama nyumbani.

Upande wa kulia joto kidogo litabaki. Najua. Uache hivyo.

Baba yako mdogo,
Grégoire

*

Kasongo, 16 Juni 2024

Mama Clovis,

Gédéon ameniandikia juu ya Lusangi. Usimgombeze. Anafikiri kwamba ulivumilia.

Mimi nimeishi nawe tangu tukiwa na meno yote. Wewe huwezi kushika kikombe cha chai kabla hakijapoa. Ukipika majani ya sombe, unanipigia kelele mimi niliyekaa mbali kwa sababu mvuke umekugusa kidole. Mwanamke anayeshindwa na joto hushuka njiani, kama Asma alivyoshuka. Hakai akicheka mpaka nguo ishikane na ngozi.

Niliweka barua zako zote juu ya meza, upande wako, nikazisoma upya. Sasa nakielewa kile kilima cha simu. Naelewa kwa nini Asma anakupikia. Nilimuuliza Gédéon kama unatembea, akanijibu kwamba unanisalimu. Nilikuwa na majibu yote mbele yangu, nami nikaendelea kuuliza habari za tope.

Mguu wa kulia hausikii. Je, tangu siku ile ya chemchemi? Na ule wa kushoto? Sikuulizi ili nikuhukumu. Nauliza kwa sababu lazima nijue mlango wa chumba chetu uwe na upana gani, na kama ngazi za barazani nizivunje zote au niweke mteremko juu yake. Dieudonnée anasema nizivunje. Kwa mara ya kwanza nakubaliana naye.

Barua yangu ya tarehe 2, itie jikoni chini ya chungu.

Umeniambia nisije, nami nimekutii kuliko nilivyowahi kukutii katika ndoa hii. Yametosha. Dieudonnée atawalinda kuku. Ayoubu atanileta mwanzoni mwa Julai, barabara ikikauka. Tutarudi pamoja katika pikipiki ya Gédéon. Wewe utakaa kushoto, kwenye godoro. Mimi nitakaa kulia, upande wa rejeta. Joto likizidi, nitalisikia mimi, nami nitakuambia.

Grégoire

*

Kabambare, 24 Juni 2024

Baba Clovis,

Barua ile niliitia jikoni. Iliungua vibaya, yenye chokaa na samaki ndani yake.

Nakujibu. Wa kulia, tangu kiunoni hadi chini, hausikii kitu tangu chemchemi. Mwili ulipoinuliwa, mguu wenyewe ulibaki pale pale. Wa kushoto unasikia lakini hauna nguvu. Nasimama nikishikwa na Asma na fimbo, natoka kitandani hadi mlangoni, na pale mlangoni ndipo dunia yangu inapokwisha. Nimehesabiwa nyumbani kama chungu kilichopasuka: hakitupwi, lakini hakiendi kisimani.

Sikukuficha kwa kuwa sikuamini moyo wako. Nilikuficha kwa sababu niliusikia. Siku tuliyomzika mama yako, baada ya miaka ile yote ya kumgeuza kitandani na kumwosha, ulikaa barazani ukasema, “Mungu asinipe tena kitanda kingine cha kulinda.” Hukuniambia mimi. Ulisema hewani. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika bakuli. Nilipoanguka pale kwenye maji, kabla hata watu hawajafika, maneno yale ndiyo yaliyonijia.

Nilitaka unikumbuke nikitembea. Nilifikiri ukikasirika utaumia kidogo, halafu utapoa. Kumbe kule Lusangi, nilipouona mguu wangu unatoa moshi nami sina habari, niliogopa kitu kingine kabisa: kwamba naweza kufa kipande kwa kipande huku nikicheka, na asiwepo wa kuniambia.

Nimeandika sana. Ni kwa sababu sina kilima cha simu.

Gédéon amehamisha rejeta. Amekata bati, ameligongomea, amelipaka rangi ya buluu. Jana alipanda mlima, akarudi, akamwita Asma aweke mkono wake kila mahali. Godoro liko tayari. Ngazi zivunje.

Njoo. Vaa suruali nzito, ile ya kaki ya wakati wa lori. Asma anasema upande wa kulia bado una joto, na mimi, kama unavyojua, siwezi kukuhakikishia.

Mkeo,
Olga